Mwenye Mvi Ndiye Yupi?

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema "hii rahisi" mbele ya shemeji. Huyu ni kaka yake mke wangu, na ana kumbukumbu ya mwenye duka la mkopo: neno ukilitamka leo, atakudai nalo mwakani, tena mbele ya wageni.

Ilikuwa Julai, hapa Minnesota, Marekani, kaskazini ya jiji la Minneapolis, mahali ambapo ardhi ni mchanga mtupu. Mtu wa Kilifi akiuona mchanga ule huanza kugeuza shingo akitafuta bahari iko wapi. Mimi na shemeji tunafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na mwenzetu mmoja kazini akatushawishi tujitolee Jumamosi kwenye mbuga ya nyasi, zile ambazo wenyewe huziita prairi. Kiongozi wa kikundi alikuwa bibi mmoja wa miaka sabini na ushei, kofia pana, magoti mabovu, jicho la mwewe. Tukamwita Mama, naye akaitika.

Mama alitueleza kwamba zamani jimbo hili lilikuwa na ekari milioni 18 za prairi, na zilizosalia ni asilimia 1 na kidogo tu. Nyingine zote jembe lilipita. Kwa hiyo mbegu ya hapa haiokotwi ovyo. Alisema hivyo akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Somo la siku lilikuwa klova za prairi, mimea ya maua ya mbuga hizi. Si ile klova ya malisho ya ng'ombe, akatuonya. Hao ni jamaa wa mbali tu ndani ya ukoo mkubwa wa kunde na maharage. Hizi jina lao la kitaalamu ni Dalea, kwa heshima ya Samuel Dale, mwuza dawa wa Uingereza wa zamani. Kitabu cha Mama, ambacho jalada lake lilishakwenda na maji, kiliziita Petalostemon. Mimi nikadhani huo ni mmea mwingine, nikautafuta nusu saa nzima. Kumbe ni jina la zamani la hizi hizi. Hapo ningejishtukia, lakini wapi!

Ya zambarau, Dalea purpurea, ina kichwa kama kidole gumba, na maua yake hufunguka kwa pete: yanaanza chini, siku baada ya siku pete inapanda, huku chavua ya rangi ya machungwa imechomoza. Ukiitazama utasema mwanamke amevaa marinda ya ngoma, na ngoma yenyewe imemkolea. Jani lake limegawanyika vidole vyembamba, vitatu hadi saba, aghalabu vitano. Nyeupe, Dalea candida, ina vidole vitano hadi tisa, vipana kidogo. Halafu kuna ya hariri, Dalea villosa, mpenda mchanga: vidole zaidi ya kumi, maua ya zambarau iliyopauka, na mwili mzima una manyoya laini ya kijivu kama sikio la paka.

"Hii rahisi," nikasema. "Mimi embe ngowe na boribo nazitambua gizani kwa kunusa. Nyeupe ni nyeupe, zambarau ni zambarau. Mtihani uko wapi?"

Shemeji hakusema kitu. Alitabasamu tu.

Mtihani ulikuwa Oktoba. Tulirudi kuvuna mbegu, na mbuga nzima ilikuwa rangi moja: kahawia. Maua hakuna. Majani yamenyauka, mengi yamepukutika, na hivyo vidole nilivyohesabu Julai vimekwenda na upepo. Vilivyobaki ni vijiti vilivyosimama na vichwa vyake vikavu. Mama akatugawia mikasi na mifuko ya karatasi, akaniuliza, "Unakumbuka tofauti?"

Nikamjibu, "Naam, Mama." Ningesema nini, na shemeji amesimama pale?

Akaenda upande wa pili na magoti yake. Nikachuma vichwa viwili, nikaviweka kiganjani. Kimoja kilikuwa na manyoya ya kijivu, kingine laini, kipara kabisa. Nikafikiri kama mtu mzima. Mwenye nywele za kijivu ni mwenye mvi. Mvi ni nyeupe. Basi huyu ndiye klova nyeupe, na kipara ndiye zambarau. Mpaka leo naamini hakuna hakimu angenihukumu kwa mantiki ile.

"Una hakika?" shemeji akauliza.

"Shemeji, wewe kata."

Tukakata kwa muda wa saa tatu. Tulipokutana na zile za hariri, zenye manyoya mpaka miguuni, nikazitia vilevile kwenye mfuko wa nyeupe, nikaeleza kwamba hizi ni nyeupe zilizozeeka sana. Nilifika mahali nikawa mwalimu. Wanafunzi wawili walikuja na mifuko yao, nikachungulia, nikatikisa kichwa kwa huruma. "Mmechanganya," nikawaambia, nikachukua mifuko yao iliyokuwa sahihi kabisa, nikaimimina ndani ya yangu kufuata maandishi: nyeupe kwa nyeupe, zambarau kwa zambarau.

Jioni Mama akafungua mfuko ulioandikwa "nyeupe". Akachukua kichwa kimoja, akakisugua polepole shavuni mwangu. "Unasikia nini?"

"Manyoya."

Akatoa kioo cha kukuza, akanionyesha. Kile kikombe kidogo kinachoshika kila ua, kwenye ya zambarau kimejaa nywele. Kwenye nyeupe ni laini, hakina kitu isipokuwa kama kope vile kwenye meno yake ya juu. Zambarau ndiyo inayoota mvi. Nyeupe hubaki na kipara. Nilikuwa nimeyageuza yote, bila kukosea hata kichwa kimoja.

"Si neno," nikasema, "tubadilishe maandishi tu." Nikajiona mwerevu sana kwa nukta kama mbili hivi, mpaka mmoja wa wale wanafunzi akakohoa. "Na yetu je?"

Jumamosi mbili. Jumamosi mbili nzima mimi na shemeji tulikaa katika gereji ya Mama, meza imejaa vichwa vikavu, tukivipapasa kimoja kimoja kama wanaochagua mchele. Mvi kule, kipara huku, hariri pembeni. Vumbi lilinijaa puani hadi nikapiga chafya na kuvichanganya upya. Shemeji alifanya kazi kimya, kisha mara kwa mara alikuwa akiinua uso, anatazama juu ya paji langu, ambako nywele zimeanza kuaga, anasema, "Wewe tungekutia mfuko wa nyeupe."

Tulipomaliza, Mama akapima kila aina kwenye mizani, akaandika uzito daftarini, akatushukuru kwa dhati. Nikasimama wima. Nilijivuna kidogo, siwafichi.

Novemba, kabla theluji haijashika, akatuita tukapande. Tukafika tukakuta pipa kubwa la plastiki limejaa mbegu za nyasi. Mama akachukua mfuko wa nyeupe akaumimina ndani. Akamimina zambarau. Akamimina hariri. Kisha akachukua koleo akaanza kukoroga.

Nilipiga kelele ambayo nadhani walisikia Kilifi.

"Mama! Tumezitenga Jumamosi mbili!"

Akasimama, akashangaa kweli. Akasema alihitaji kujua uzito tu, ili kila aina ipate kipimo chake shambani. Lakini mbuga, kwani mimi nilidhani hupandwa vipi? Kwa mistari?

Akaninyooshea koleo. Nikalipokea, nikaanza kukoroga. Nyuma yangu nikasikia sauti ya shemeji, polepole, ya mtu aliyengoja tangu Julai:

"Hii rahisi."