Albamu ya Adele iitwayo 30: ni ndefu mno, au tunaisikiliza vipande?

Tangu itoke Novemba 19, 2021, albamu ya mwimbaji Mwingereza Adele iitwayo 30, inayohusu talaka yake, imekuwa na kesi isiyoisha kwa wasikilizaji wa Mbeya na Iringa wanaofuatilia muziki wa nje. Wanaoikataa wana mashtaka yao tayari: ndefu, ya kulialia, haina biti, ukishasikia wimbo wa Easy on Me umezisikia zote. Wanaoipenda hujibu kwa jazba kwamba wenzao hawajui muziki, na mjadala unafia hapo. Inauma, maana wanaoipenda wana hoja nzito ambayo hawaisemi: nyimbo hizi 12 zimepangwa zisikilizwe kwa zamu, na wengi wanaozilaumu hawajawahi kuzisikia kwa zamu hiyo.

Nianze na wanaoikataa, kwa sababu hawasemi uongo. Nyimbo tano kati ya 12 zinapita dakika sita. Kwa mtu aliyekulia kwenye Bongo Fleva ya dakika tatu, ambayo kiitikio chake kinaingia kabla dakika ya kwanza haijaisha, hapo subira inapimwa kwelikweli. Kiingereza nacho ni kikwazo. I Drink Wine inaimbwa karibu na kuongea, maneno yamebanana, na asiyeyafuata anaambulia mwendo wa taratibu kwa dakika sita na sekunde 16. My Little Love ina rekodi za Adele akizungumza na mwanawe. Asiyeelewa mazungumzo anaweza kudhani simu imejirekodi yenyewe. Halafu kuna Can I Get It, iliyotengenezwa na watayarishaji Max Martin na Shellback, yenye gitaa la kukimbia na mluzi. Wapo wanaoitetea kwamba inamwonyesha mwanamke anayeanza kutoka tena baada ya talaka. Kazi hiyo imeshafanywa, tena vizuri zaidi, na Oh My God inayoitangulia. Can I Get It ingeachwa nje na albamu isingepungukiwa kitu.

Sasa tuje kwenye huo urefu. Albamu nzima ni dakika 58 na sekunde 14, lakini mzigo haukugawanywa sawa. Nyimbo sita za mwanzo zinachukua dakika 24 na sekunde 45. Sita za mwisho zinachukua dakika 33 na sekunde 29, na ndani ya hizo, tatu za kufungia, yaani Hold On, To Be Loved na Love Is a Game, zinakula dakika 19 na sekunde 32 peke yake. Theluthi nzima ya albamu imewekwa mkiani. Hakuna anayepanga hivyo kwa bahati mbaya. Msikilizaji anatayarishwa kwa nyimbo fupi, anaonjeshwa urefu kwenye My Little Love na I Drink Wine, na anapofika mwisho masikio yake yameshazoea kukaa kimya na kusubiri.

Sikiliza wimbo wa kwanza unavyofunga. Strangers by Nature, aliyoifanya na mtunzi wa muziki wa filamu Ludwig Göransson, ina vinanda na nyuzi za sinema za zamani, na mwishoni kabisa Adele anasikika akisema kwa sauti ya kawaida kwamba sasa yuko tayari. Sekunde chache baadaye piano ya Easy on Me inaingia. Aliyeisikia Easy on Me redioni peke yake ameusikia wimbo mzuri wa kuomba huruma. Aliyetoka kwenye Strangers by Nature amemsikia mtu aliyevuta pumzi kwanza ndipo akaanza kukiri. Tena baada ya Easy on Me anafuata mtoto: mama ameshaomba aonewe huruma, na wimbo wa tatu, My Little Love, unamleta yule ambaye ana haki kuliko wote ya kumnyima.

Hayo yote yanapotea kirahisi sana, na inafaa kuonyesha yanavyopotea. Anayewekewa albamu kwenye flashi au memori kadi mara nyingi anapewa mafaili yenye majina ya nyimbo bila namba. Zipo redio za magari na spika za flashi zinazoyapanga kwa alfabeti. Matokeo yake, 30 inaanza na All Night Parking, kipande cha dakika mbili na sekunde 41 kilichojengwa juu ya piano ya mpiga jazi Erroll Garner, ambacho kazi yake ilikuwa kupumzisha msikilizaji katikati. Easy on Me inakuwa ya nne. Love Is a Game, iliyotungwa kuwa ya kuagia, inaangukia nafasi ya saba. Strangers by Nature, yule aliyesema yuko tayari, anakuja kuwa wa kumi. Na albamu inafungwa na Woman Like Me, ambamo Adele anamsema mwanamume mvivu wa mapenzi. Kwa hiyo anayeshuka kwenye gari akisema huyu dada analalamika tu hakukosea kuhusu alichokisikia. Flashi imempa malalamiko yawe neno la mwisho. Dawa ni ndogo: yape mafaili majina upya kuanzia 01 hadi 12. Ile sifuri ya mbele usiiache, maana bila hiyo mashine nyingi zitaweka 10, 11 na 12 kabla ya 2.

Kwenye Spotify tatizo lina sura nyingine. Albamu ilipotoka, mtumiaji wa bure kwenye simu alikuwa akichanganyiwa nyimbo atake asitake. Siku chache baada ya albamu kutoka, Spotify ilikubali ombi la Adele na kuondoa kitufe cha kuchanganya kisiwe cha kwanza kwenye kurasa za albamu, lakini kwa wanaolipia. Watu wengi walilichukulia kama deko la staa. Fanya hesabu. Nyimbo 12 zikichanganywa kweli, uwezekano wa zile tatu za mwisho kubaki mwisho kwa mpangilio wake ni mmoja kati ya 1,320. Kwa mwanafunzi wa Mkwawa au Iyunga aliyeisikiliza kwa akaunti ya bure, theluthi ile iliyowekwa mkiani ilikuwa imetawanywa kama maharage yaliyomwagika, wimbo wa dakika sita hapa, tangazo pale, wimbo mwingine wa dakika sita tena. Hapo lazima uione ndefu.

Chombo cha kusikilizia nacho kina lawama yake. To Be Loved ni piano na sauti tu, hakuna ngoma wala besi. Ukiipiga kwenye bajaji yenye sabufa iliyofunguliwa besi hadi mwisho, sabufa inanguruma na noti za mkono wa kushoto wa piano, huku sauti ya mwimbaji ikitoka kwenye vispika vidogo vinavyoshindana na injini. Beti la kwanza linaimbwa chini, dereva anaongeza sauti. Adele anapopanda kifua kizima kule mwishoni, amplifaya haiwezi tena na sauti inapasuka. Abiria anasikia makelele.

Kwenye hedifoni angalia pini. Isipozama hadi mwisho, au waya wake wa pamoja (wa ardhi) ukikatika, kilicho sawa kulia na kushoto kinaweza kujifuta, na sauti ya mwimbaji kwa kawaida imewekwa hapo katikati. Wimbo wenye ala nyingi utabaki na kitu cha kusikiliza. To Be Loved itabaki mwangwi, kama mtu anaimba chumba cha pili.

Hili la kwamba haina biti ndilo linalonishangaza kulisikia huku kwetu. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya kwaya. Kuanzia kwa Wamoravian wa Rungwe hadi kwa Walutheri wa Iringa na Njombe, watu wamekua wakisikia soprano, alto, tenor na besi, na wanajua besi akichelewa kuingia. Kwenye mkesha wa msiba, wimbo ukienda beti sita taratibu, hakuna anayeuliza ngoma iko wapi. Sikio la namna hiyo liko tayari kwa Hold On, iliyotengenezwa na mtayarishaji Inflo: inaanza chini, mwimbaji amejichoka mwenyewe, kisha marafiki zake wanaingia kama kwaya kumshikilia, na uzito unaongezwa kidogo kidogo hadi ngoma zinapofika. Baada ya kwaya hiyo, anaachwa peke yake na piano. Ndiyo maana To Be Loved inauma. Umetoka kusikia watu wengi na sasa yuko mmoja, na pale sauti inapokwaruza wameiacha ikwaruze.

Shtaka moja halijibiwi na mpangilio wala spika: sauti ya mtoto. Alikuwa na miaka tisa tu albamu ilipotoka, na mazungumzo yake na mama yake kuhusu nyumba iliyovunjika yalikwenda dunia nzima. Adele ameeleza kwamba aliitengeneza albamu ili mwanawe akiwa mtu mzima aelewe kwa nini alifanya aliyoyafanya. Nia hiyo naiamini, na bila rekodi zile My Little Love ingekuwa hadithi ya mama peke yake. Hata hivyo anayesema mtoto hakuwa na namna ya kukataa anasema kweli, na mashabiki wakae na uzito huo bila kumkebehi.

Kwa anayetaka kuipa nafasi, kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde albamu nzima inakula kama MB 70. Anayelipia aishushe nyumbani kabla ya safari. Basi la Iringa kwenda Mafinga, kilomita 80 hivi, linatosha kuimaliza. Saa nzima ikiwa nyingi, aanze namba 10 hadi 12, kwa zamu hiyo hiyo, na kitufe cha kuchanganya kikiwa kimezimwa.