Nitroksi: kina au saa ya oksijeni, kipi kinamlinda mzamiaji?

Mtungi wa nitroksi una oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida, mara nyingi asilimia 32 au 36 badala ya 21. Nitrojeni ikipungua, mzamiaji anakaa chini muda mrefu zaidi kabla ya kulazimika kusimama njiani anapopanda. Gharama yake ni kwamba oksijeni yenyewe, ikivutwa kwa shinikizo kubwa, huwa sumu kwa ubongo. Kompyuta ya kuzamia hufuatilia hatari hiyo kwa tarakimu mbili: shinikizo la oksijeni anayoivuta mtu kwa wakati huo, na asilimia ya muda anaoruhusiwa ambayo ameshaitumia, inayoitwa saa ya oksijeni. Kuna wazamiaji wanaoichunga asilimia hiyo kama kipimo cha mafuta. Wengine hawaitazami kabisa, wakisema linda kina na mengine yatajilinda yenyewe.

Hesabu ya kina ni nyepesi. Kila mita 10 za maji huongeza takriban bar 1 ya shinikizo juu ya bar 1 ya angahewa. Kwenye mita 30 shinikizo ni bar 4, na mchanganyiko wa asilimia 32 unatoa 4 × 0.32, yaani bar 1.28 za oksijeni. Kikomo kinachotumiwa sana ni bar 1.4, kwa hiyo asilimia 32 inaishia karibu mita 33 na asilimia 36 karibu mita 28.

Saa nayo inatokana na jedwali la NOAA, taasisi ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa. Kwa mzamo mmoja jedwali hilo linaruhusu dakika 180 kwenye bar 1.3, dakika 150 kwenye 1.4, dakika 120 kwenye 1.5, na dakika 45 tu kwenye 1.6. Kila dakika kwenye 1.4 inakula asilimia 0.67 ya saa. Kwenye 1.6 inakula asilimia 2.2.

Wanaotegemea kina wana hoja nzito, na inaanzia kwenye mtungi wenyewe. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200: zimo lita 2,400. Ukitenga bar 50 za akiba zinabaki lita 1,800. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 80 akiwa mita 30, kwa hiyo gesi inamtosha dakika 22 na ushei. Kwa mstari wa bar 1.3 hiyo ni asilimia 12 hivi ya saa. Hata akirudia mzamo huo mara tatu kwa siku moja bila kupunguza chochote kwa mapumziko, hafiki asilimia 40. Mtungi unamtoa majini mapema mno kabla saa haijamfikia.

Hoja yao ya pili inagusa mwili. Kenneth Donald, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliwajaribu wazamiaji waliovuta oksijeni tupu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mmoja wao alizamishwa mara 20 kwenye kina kilekile cha futi 70, karibu mita 21, ndani ya miezi mitatu. Siku moja dalili zilimjia baada ya dakika 7. Siku nyingine baada ya dakika 148. Shinikizo hilo lilizidi sana lile la nitroksi, lakini tofauti ya siku na siku kwa mtu mmoja inatosha kuonyesha kwamba asilimia 100 si ukuta ambao mtu akiugusa anapata degedege, wala asilimia 50 si hakikisho la usalama. Kazi nzito, kupigana na mkondo, au kubana pumzi ili kuokoa gesi huongeza hewa ukaa mwilini na kuishusha kinga ya ubongo, na saa haioni lolote kati ya hayo. Dalili za mapema, kama kichefuchefu, masikio kuvuma, midomo kucheza au uwezo wa kuona kufifia pembeni, huenda zisitokee kabisa. Degedege lenyewe huisha, lakini aliyepotewa na fahamu chini ya maji huachia rigileta, kifaa cha kupumulia kilicho mdomoni, na kuzama.

Hapo ndipo bar 1.4 inapothibitisha thamani yake. Kwa asilimia 32, kuteleza mita 3 chini ya mpango kunaongeza takriban bar 0.1. Aliyepanga 1.4 anajikuta kwenye 1.5 na bado ana nafasi. Aliyepanga 1.6, yaani mita 40, anajikuta kwenye 1.7, nje ya jedwali. Ni kweli kwamba 1.6 hukubaliwa kwa mtu aliyetulia kwenye kituo, pale anaposimama njiani akipanda, lakini kuipanga kwa mtu anayeogelea chini ni kula akiba yote kabla ya safari.

Hata hivyo, wanaoipuuza saa wanakosea pale mzamo unapobadilika sura. Fikiria mwenye mitungi miwili mgongoni anayekaa dakika 60 kwenye bar 1.4, kisha anapanda na kuvuta oksijeni tupu dakika 25 kwenye mita 6. Chini ametumia asilimia 40, kwenye kituo 56. Jumla ni 96, na hakuna dakika hata moja aliyovuka 1.6. Kipimo cha kina kitamwambia yuko salama mwanzo hadi mwisho. Vivyo hivyo kwa kifaa cha kuzungusha pumzi ili ivutwe tena, kinachoshikilia bar 1.3 muda wote: dakika 180 zinamaliza jedwali. Kwa watu hawa saa ni ya lazima, pamoja na mapumziko ya dakika 5 za gesi yenye oksijeni kidogo katikati ya oksijeni tupu.

Kanuni ya kwamba saa hupungua nusu kila dakika 90 za kukaa juu ya maji ichukuliwe kwa tahadhari; ni makubaliano ya kazi kuliko matokeo ya majaribio.

Kwa anayezamia na mtungi mmoja bila vituo, basi, kina ndicho kipimo cha kwanza. Lakini tarakimu zote mbili zinategemea ya tatu, ambayo mzamiaji huingiza mwenyewe: asilimia ya mchanganyiko. Kompyuta iliyoachwa kwenye 21 huku mtungi una 36 itakuwa mwangalifu kupita kiasi kuhusu nitrojeni, na kipofu kuhusu oksijeni. Kwenye mita 40 itaonyesha bar 1.05 wakati mtu anavuta 1.8. Kosa la kinyume, kompyuta kwenye 36 na hewa ya kawaida mtungini, linaficha nitrojeni.

Mzamiaji apime mtungi wake mwenyewe. Kipima oksijeni kisawazishwe kwa hewa hadi kisome 20.9, gesi ifunguliwe kwa mtiririko mdogo usiobadilika, na asubiri tarakimu itulie. Kihisio kikavu kinachochelewa kutulia au kinachokataa kusawazishwa kimechoka, kibadilishwe. Mtungi uliojazwa kwa kutanguliza oksijeni kisha hewa juu yake unaweza kuwa haujachanganyika, hivyo upimwe tena baada ya muda. Kwenye lebo ziandikwe asilimia, kina cha mwisho, tarehe na herufi za jina lake. Kisha, dakika za mwisho kabla ya kuingia majini, aifungue tena kompyuta na kuisoma dhidi ya lebo hiyo, maana baadhi yake hurudi zenyewe kwenye mpangilio wa awali baada ya kukaa muda juu ya maji.