Kifuta jasho si fidia: hesabu ya jirani wa hifadhi

Mkulima wa Bunda, magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, akiamka na kukuta tembo wamemaliza mahindi yake, sheria ya Tanzania haimwahidi fidia bali kifuta jasho. Na mtu akiuawa, familia yake hupewa kifuta machozi. Maneno hayo hayakuchaguliwa kwa bahati. Fidia ni deni, na mdai anaweza kulidai mpaka senti ya mwisho, ilhali kifuta jasho ni mkono wa pole, ambao ukubwa wake huamuliwa na anayeutoa.

Kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ziliweka ukomo wa ekari tano, kiwango cha juu cha Sh100,000 kwa ekari, na Sh1,000,000 kwa kifo. Shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikustahili chochote.

Hoja ya Serikali si ya kupuuzwa. Nchi yenye hifadhi za taifa 21, ambazo nyingi haziingizi fedha za kutosha kujiendesha, ikikubali kulipa kila hasara kwa bei ya soko itakuwa imejifunga kwa deni lisilo na kikomo, na wapo watakaolima ushorobani, yaani kwenye mapito ya wanyama kati ya hifadhi, wakitegemea malipo. Katika ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, kila shamba jipya linabana njia ambayo bila hiyo hifadhi hizo mbili zingebaki kama visiwa.

Hata hivyo, kigezo cha umbali kinachukulia kwamba mkulima ndiye aliyeifuata hifadhi. Historia haikubali hivyo kila mahali: mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti ili mipaka ichorwe upya, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la watu na wanyama kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito zaidi. Ujangili ulishusha idadi ya tembo kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Sasa Serikali inahesabu zaidi ya 60,000. Ni mafanikio ya kweli, lakini kila tembo aliyeongezeka ni mapato getini na hasara shambani, na daftari hizo mbili haziwekwi katika nyumba moja. Jumuiya za hifadhi za wanyamapori, kama Burunge mkoani Manyara, zilikusudiwa kuziunganisha kwa kuvipa vijiji sehemu ya mapato ya utalii. Zimesaidia, ila fedha huingia katika mfuko wa kijiji na kujenga darasa au zahanati, wakati ghala lililobaki tupu ni la kaya moja.

Sishawishiki kwamba fidia kamili inawezekana. Lakini kumnyima mtu kifuta jasho kwa sababu tu anaishi jirani kabisa na tembo ni kumwadhibu anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote, na kupandisha viwango pekee hakutamfikia. Wala hakutaondoa ucheleweshaji: kiingilio cha mtalii hulipwa kabla hajavuka geti, ilhali dai la mkulima hupanda kutoka kijijini hadi wilayani, kisha wizarani, na mara nyingi msimu mwingine wa kupanda humkuta bado anasubiri.