Kotabeki na watu watano walio mbele yake

Usiku wa tarehe 7 Februari 2021, mjini Tampa, Patrick Mahomes, kotabeki wa futiboli ya Marekani, alirusha pasi mwili ukiwa hewani, umelala sambamba na nyasi, na mpira ukamfikia mwenzake aliyeshindwa kuudaka. Timu yake, Kansas City Chiefs, ilifungwa 31-9 na Tampa Bay Buccaneers, naye hakutoa pasi hata moja ya tachidauni, yaani ya kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Mwaka mmoja kabla, alikuwa bingwa wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi, na mchezaji bora wa fainali hiyo. Safari hii wachezaji wawili wa pembeni wanaomkinga walikuwa majeruhi, na mchezo mzima alikuwa akikimbizwa.

Katika futiboli ya Marekani, kotabeki ndiye anayeupokea mpira karibu kila shambulizi na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao, huku wachezaji watano walio mbele yake wakiwazuia wapinzani kwa sekunde mbili tatu hivi. Kwa kuwa uamuzi ni wake, ushindi huandikwa kwa jina lake. Naona desturi hiyo inawadhulumu wengi, ingawa wanaoitetea wana hoja nzito.

Mfano unaoonyesha pande zote mbili ni New England Patriots ya 2008. Mwaka 2007, wakiongozwa na kotabeki Tom Brady, walishinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida na kupata pointi 589. Brady akaumia goti katika mechi ya kwanza ya msimu uliofuata, nafasi yake ikachukuliwa na Matt Cassel, ambaye hakuwa ameanza mechi yoyote tangu shule ya sekondari. Patriots walishinda 11 na kupoteza 5. Anayeamini timu atasema kwamba kocha na wenzake ndio waliombeba Cassel, na ni kweli. Lakini pointi zilishuka hadi 410 na mchujo wa kuwania ubingwa wakaukosa, na pengo hilo ni vigumu kulieleza bila kumtaja Brady.

Kwa Indianapolis Colts hali ilikuwa mbaya zaidi: mwaka 2010 walishinda mechi 10 wakiwa na kotabeki Peyton Manning, na mwaka 2011, alipokosa msimu mzima kwa jeraha la shingo, walishinda 2 tu. Naye Brady alipohamia Tampa mwaka 2020, timu iliyokuwa imeshinda mechi 7 msimu uliotangulia ilitwaa ubingwa, wakati Patriots aliowaacha walishinda 7. Hata hivyo alikuta Tampa wadakaji hodari na safu ya ulinzi ile ile iliyomkimbiza Mahomes.

Kwa maoni yangu, kotabeki hodari huiinua timu msimu mzima, lakini ubingwa ni kipimo kibaya cha ubora wake. Manning mwenyewe alicheza msimu wa 2015 na Denver Broncos akiwa amechoka, akatoa pasi 9 za tachidauni na 17 zikadakwa na wapinzani. Katika Super Bowl ya Februari 2016 alipata yadi 141 tu za pasi. Von Miller wa safu ya ulinzi alimpokonya kotabeki wa wapinzani, Cam Newton, mpira mara mbili, na Broncos wakashinda 24-10. Taji hilo Manning anahesabiwa sawasawa na lile la Februari 2007, wakati kotabeki Dan Marino, aliyetoa pasi 48 za tachidauni katika msimu wa 1984, alistaafu bila taji hata moja.