Nilikwenda Kutoa Pole, Si Kutafuta Bati

Niseme mapema asije mtu akanisingizia: asubuhi ile baada ya dhoruba nilitoka nyumbani kwenda kuwapa watu pole. Kwamba bati langu moja la kwenye kona lilikuwa limeondoka usiku bila kuaga, hilo ni jambo jingine. Mke wangu ndiye aliyeyaunganisha. "Pole gani hiyo ya kwenda kukodolea macho mapaa ya watu?" Nikavaa viatu, nikamwacha na ndoo zake tatu chini ya tundu.

Kuzunguka kijiji siku kama ile ni adhabu. Hutembei, unasimamishwa. Kila mlangoni kuna mtu, na kila mtu ana hasara yake, na hasara haikubali kupitwa. Mwenye mti mmoja anakusimulia utadhani kapoteza msitu. Mwenye ua ulioinama kidogo anakuchungulia usoni aone kama umesikitika vya kutosha. Jaribu kumwambia, "Aa, wewe afadhali, huko ng'ambo ya mto ndiko kuna balaa." Ujirani umekwisha hapo hapo.

Sijafika hata njia panda nikadakwa na mzee mmoja mstaafu, mtu anayejua kila kitu isipokuwa wakati wa kunyamaza.

"Kijana, unajua ile ya jana ilikuwa namba ngapi?"

"Namba ya nini, mzee wangu?"

"Ya upepo!"

Kumbe upepo una namba. Ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alianza kuupangia madaraja mwaka 1805, kutoka 0 hadi 12, kwa hesabu za matanga. Matanga ya meli, nilimuuliza mara mbili, maana kwa nyuso nilizokuwa nimepishana nazo hata yale mengine yangefaa. Baadaye wakaja watu wakaongeza dalili za nchi kavu: wa 8 unavunja vitawi na kukurudisha nyuma ukitembea, wa 9 unaanza kuchokoa mapaa, wa 10, kuanzia kilomita 89 kwa saa, unang'oa miti. Mzee akaanza kuhesabu miti iliyolala. Mimi moyoni nikawa naomba ifike 10. Ikiishia chini ya hapo lawama inamwendea fundi, na fundi wa paa lile ni mimi.

Tukaukuta mti wenyewe umeziba njia. Mizizi imesimama juu na udongo wake kama meza iliyopinduliwa, nyungunyungu mmoja ananing'inia pembeni anashangaa mwanga. Miaka yote nilikuwa naamini mti unakwenda chini sawa na unavyokwenda juu. Wapi! Mzee akanionyesha: mizizi mingi haipiti mita moja kwenda chini, inatambaa tu kwa upana. Mvua ikishalowesha udongo ukawa tope, mti mrefu vile unakuwa umesimama kwa mazoea.

Vijana walikuwa wanakata shina kwa msumeno, na watoto wawili wameshaingia kwenye lile shimo chini ya mizizi, wamepageuza nyumba. Mzee akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. "Watoeni humo!" Tukadhani anasumbua kama kawaida yake, lakini mama yao akawavuta mikono. Msumeno ukamaliza, shina likaachia, na kisiki, baada ya kutuliwa mzigo wake, kikanyanyuka chenyewe kikarudi shimoni kwa kishindo, kikakaa wima kama hakijawahi kuanguka. Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo nikimwona mzee yule anakuja sijifichi tena. Naharakisha tu.

Mbele kidogo waya wa umeme ulikuwa umelala kwenye majani. Na palipo na waya chini hakosi bwana mmoja mwenye fimbo. Huyu fimbo yake ilikuwa mbichi tena imelowa. Anasema anataka kuugusa ajue kama una moto. Sasa ndugu yangu, ukishajua utamwambia nani? Mzee akatuamuru turudi nyuma mita 10, tuuhesabu kuwa mzima hata kama umenyamaza. Mimi nilirudi 20, tukazungukia shambani, tope likanivua kiatu cha kushoto. Nilikichimbua kwa mikono miwili.

Nikiwa nimechutama hivyo, mzee akanihamia kwenye mapaa. Eti upepo haulikandamizi bati, unalinyonya kwenda juu, na unaanzia ukingoni na kwenye kona. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. "Ndiyo maana kwenye kona panataka misumari ya kutosha. Wewe ulipiga mingapi?"

"Ya kutosha," nikasema. Nilipiga miwili. Mmoja ulipinda.

Mwisho wa kijiji, juu ya banda la mbuzi la mtu ninayemheshimu sana, nikaliona. Silibahatishi bati langu. Lina matundu matatu yaliyofuatana kama nyayo za mlevi, ukumbusho wa siku nilipokuwa nautafuta ubao nikaukosa, nikaukosa, nikaukosa. Limeshagongelewa tayari, misumari minane kona moja.

"Limekuja lenyewe usiku," mwenye banda akasema, anacheka. "Mungu hamtupi mja wake. Sijui ni la nani, mwenyewe akijitokeza nitampa."

Nikafungua mdomo. Mzee akanitangulia. Alisogea, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye yale matundu matatu, moja baada ya jingine, taratibu.

"Hebu tazameni," akasema. "Aliyepiga haya alikuwa amefumba macho?" Mbuzi mwenyewe aligeuka kuangalia. Kisha akagusa ile minane. "Na hapa sasa ndipo alipopita fundi."

Nikafunga mdomo. Nikamwambia mwenye banda pole na dhoruba. Akasema ahsante sana, ila wao hawakupata hasara yoyote.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasikiliza matone.

"Umeliona?"

"Nimewapa pole."

Akanitazama kiatu cha kushoto, akanyanyuka, akaenda kuleta ndoo ya nne.