Kopo Linapoila Lebo Yake

Wanaokusanya lebo za bidhaa za nyumbani zilizotengenezwa Marekani katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zile za sabuni, beking pauda, buluu ya kufulia, dawa ya kung'arishia majiko na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni), wana amri moja wanayoirudia kuliko zote: lebo isibanduliwe. Ibaki kwenye chupa au kopo lake hata kama imechanika nusu. Anayeitoa huwekwa kundi moja na wale wanaochana picha za vitabu vya zamani wakazitie fremu.

Kwa chupa, amri hiyo ni sawa. Imekuja kuhamishiwa kwenye makopo ya chuma kana kwamba chuma na kioo ni kitu kimoja, na huko inaziua karatasi zile zile inazodai kuzilinda.

Tuwasikilize kwanza wanaokataza, maana hoja yao ina mashiko. Lebo na chombo chake hutoleana ushahidi. Kati ya 1862 na 1883 sheria ya kodi ilitaka dawa za viwandani, manukato na, kuanzia 1864, viberiti vibandikwe stempu ya serikali, na stempu hiyo iliwekwa mahali ambapo kufungua bidhaa ndiko kuichana. Kipande chake kilichobaki juu ya kizibo, kikigusa ukingo wa lebo, kinathibitisha muda wa miaka 21 bila kuhitaji hati nyingine. Lebo yenye maneno ya dhamana chini ya sheria ya vyakula na dawa ya Juni 30, 1906 haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko sheria hiyo, na chupa inaweza kuliunga mkono au kulikanusha dai la karatasi: mshono wa kioo ukipanda hadi juu ya mdomo, chupa imetoka kwenye mashine, ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukibandua, mashahidi wawili waliokuwa wakikubaliana wanabaki kila mmoja peke yake.

Lipo pia suala la udanganyifu. Lebo nyingi hazikuwahi kutumika; zilibaki kwa mabunda kwenye maghala ya wachapaji na ya viwanda. Mtu huchukua moja, akaipaka gundi na kuiweka kwenye chupa tupu ya zama zile zile, akaiuza kama pacha wa kuzaliwa. Anayejua hukagua kama karatasi imefunika herufi zilizochomoza kwenye kioo, na kama mikwaruzo ya kitako inalingana na uchakavu wa kingo za lebo. Lebo iliyochapwa upya hugundulika kwa taa ya kukagulia noti, kwa kuwa karatasi nyingi za baada ya 1950 hivi zina kemikali ya kung'arisha weupe na hutoa mwanga wa samawati. Lenzi ya kukuza mara 10 humalizia kazi: litografia ya mawe, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe bapa, ina vitone vilivyowekwa kwa mkono, havilingani, na kila rangi ina jiwe lake; nakala ya kisasa ina vitone vilivyopangwa kwa mistari kama shamba la mkonge.

Na kuna vitu ambavyo havina mjadala. Saa za mezani za jimbo la Connecticut zilibandikwa karatasi ya mtengenezaji ndani ya sanduku la mbao. Saa ya kiwanda cha Seth Thomas ambayo karatasi yake inataja Plymouth Hollow imetangulia 1865, mwaka ambao mji ulibadilishwa jina na kuwa Thomaston. Anwani za mchapaji Elihu Geer wa Hartford, aliyehamahama katika mtaa ule ule wa State, husaidia kubana tarehe zaidi. Mbao haziidhuru sana karatasi hiyo, imegandishwa uso mzima, na kuitoa ni kuivunja. Iachwe.

Sasa kopo. Kopo la zamani ni bamba la chuma lililopakwa utando mwembamba wa bati. Utando huo ukichubuka, chuma huanza kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Karatasi iliyo juu yake husukumwa kwa nje, hupasuka, na papo hapo chembe za chuma huingia kwenye nyuzi zake na kuchochea kuoza kwake. Doa la kutu ni mahali ambapo karatasi itavunjika kwanza, hata kama leo bado inaonekana nzima. Isitoshe, chuma chenye kutu hai kinataka hewa kavu, unyevu wa chini ya asilimia 40, huku karatasi iliyokwisha kuchoka ikitaka unyevu zaidi kidogo ili isikauke na kukatika kwenye mikunjo. Makumbusho yenye mitambo ya hewa yanaweza kuvipatanisha viwili hivyo kwa shida. Kabati la nyumbani haliwezi.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa kituo ni kopo la kostiki. Familia za Marekani zilinunua kostiki ili kugeuza mafuta ya jikoni kuwa sabuni na kuzibua mabomba. Lewis' Lye ya Pennsylvania Salt Manufacturing Company ya Philadelphia na kostiki ya B. T. Babbitt wa New York ni majina yanayokutwa sana. Kostiki hunyonya unyevu wa hewani mpaka iyeyuke yenyewe. Chuma haikiumizi sana, lakini hula bati na risasi, na hivyo viwili ndivyo vilivyomo kwenye utando wa ndani na kwenye lehemu ya mshono. Baada ya miongo kadhaa hupata tundu dogo kama la sindano, ikatoka polepole na kutambaa chini ya karatasi. Nyuzi huvimba na kugeuka kahawia. Wino nao una adui pale: wino wa litografia hushikwa na mafuta ya kitani, na kostiki hufanya kwa mafuta hayo kile kile ilichonunuliwa ifanye jikoni. Huyageuza sabuni. Picha iliyodumu miaka 100 hufutika kwa kuguswa na kidole chenye jasho.

Kinachopotea hapo si urembo tu. Mwaka 1927 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya sumu zinazounguza, baada ya kampeni ya miaka mingi ya daktari wa koo Chevalier Jackson wa Philadelphia, aliyetibu watoto waliomeza kostiki wakiidhania sukari au maziwa. Sheria iliagiza neno POISON liandikwe kwa herufi kubwa zisizobanwa, zisizopungua pointi 24 (pointi ni kipimo cha wachapaji cha ukubwa wa herufi), kwenye rangi ya nyuma inayotofautiana nalo waziwazi, pamoja na maelezo ya kumsaidia aliyeumia. Kama lebo nzima haikuwa na herufi kubwa kiasi hicho, neno hilo lisiwe dogo kuliko herufi kubwa kuliko zote zilizomo. Ukipata lebo mbili za kampuni moja, moja ya kabla ya 1927 na nyingine ya baadaye, ukazilaza pamoja na rula, unaona kwa milimita sheria iliwalazimisha nini watengenezaji. Lebo za kabla ya sheria ndizo kongwe zaidi, makopo yake ndiyo yaliyovuja muda mrefu zaidi, na ndizo ambazo amri ya "isibanduliwe" inaziacha zigeuke ute.

Hapa ndipo wanaobandua wanapoeleweka vibaya. Watu husikia neno "kubandua" wakafikiria kuchuna ngozi. Lebo nyingi za kuzunguka kopo hazikugandishwa uso mzima. Karatasi ilizungushwa kama leso kiunoni: gundi kidogo ya kuishikiza kwenye chuma, halafu ukanda mwembamba, mara nyingi kama sentimita 1, pale ncha moja inapolala juu ya nyingine. Kuifungua ni kulegeza ukanda huo. Wala si kweli kwamba lebo bila chombo ni yatima. Kuanzia 1874 hadi 1940 lebo za bidhaa zilisajiliwa katika Ofisi ya Hataza ya Marekani, na kinachosajiliwa ni karatasi bapa. Mkusanyiko wa Warshaw wa karatasi za biashara, ambao makumbusho ya Smithsonian ya Marekani yaliuchukua mwaka 1967 na watafiti wa historia ya biashara bado wanautegemea, umejaa karatasi zilizo huru.

Kubandua vibaya, hata hivyo, ni rahisi, na lawama nyingi zimetokana na beseni. Kopo halilowekwi, na lenye kostiki ndani halikaribiwi na maji kamwe: maji yakiingia kwa tundu, joto hupanda ghafla na kinachochemka huruka machoni. Miwani ya kinga na glavu za mpira huvaliwa kabla ya kuligusa, na kifuniko hakifunguliwi.

Kabla ya lolote, kopo hupigwa picha pande nne rula ikionekana. Huandikwa kimo, kipenyo, aina ya mshono, na umbali kati ya mshono wa chuma na ukingo wa nje wa karatasi. Bila kipimo hicho cha mwisho, hakuna atakayeweza kuirudisha lebo ilivyokaa. Namba moja huandikwa kwa penseli nyuma ya lebo na kwenye kadi ya kopo. Kisha kila rangi hujaribiwa: tone moja la maji yaliyokenekwa kwa ncha ya kijiti, dakika moja, halafu kipande cha karatasi inayonyonya. Rangi nyekundu na zambarau za anilini, zilizoenea baada ya mkemia Mwingereza Perkin kugundua ya kwanza mwaka 1856, ndizo zinazoaibisha watu. Ile "dhahabu" mara nyingi ni unga wa shaba uliopakwa juu, na huondoka kwa brashi tu.

Rangi zikistahimili, ukanda wa karatasi inayonyonya huloweshwa, hukamuliwa, hulazwa juu ya mpandano na kufunikwa kwa plastiki dakika 10 hadi 15. Gundi ya unga au ya deksitrini hulainika, na kijiti bapa cha mwanzi hupita bila kulazimishwa. Ikigoma, huenda ni gundi ya mifupa, inayotaka ukanda wa vuguvugu wa kama nyuzi 40. Ikigoma tena, huenda ni kaseini, gundi ya maziwa. Hapo kazi inasimama, kwa sababu kinachofuata ni kuchana. Pale kutu ilipoikamata karatasi, jeli nzito ya methiliselulosi hupakwa juu ya karatasi nyembamba ya Kijapani na kuachwa nusu saa, ili unyevu ushuke taratibu bila maji kutiririka kwenye chuma.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba lebo ya 1850 mara nyingi huvumilia unyevu kuliko ya 1910. Ya kwanza ni karatasi ya matambara. Ya pili ni ya massa ya mbao yenye asidi, na ikilowa hukatika kwa uzito wake yenyewe. Hiyo hubebwa juu ya shiti la poliesta na kukaushwa kati ya vitambaa vyembamba vya poliesta na karatasi zinazonyonya, zikibadilishwa baada ya dakika 15, baada ya saa moja, na kabla ya kulala. Karatasi inayong'aa, iliyopakwa udongo mweupe, isiguswe na karatasi inayonyonya moja kwa moja. Hushikana nayo na picha yote hubaki huko. Lebo yenye maandishi yaliyochomoza haiwekewi uzito mkubwa, au michomozo hulala isirudi. Ikishakauka hukaa ndani ya bahasha ya poliesta, gizani. Bahasha za PVC hazifai, kwa kuwa hutoa mvuke unaoshambulia wino na karatasi.

Kwa maoni yangu, mpaka upo wazi kuliko mabishano yanavyoonyesha. Chuma chenye kutu hai chini ya karatasi, au dalili yoyote ya kostiki mshononi: lebo itolewe, na mapema, kabla ugonjwa haujafika kwenye maandishi. Kioo, mbao, na kopo kavu lisilo na doa: iachwe. Wanaotoa lebo za chupa nzima ili zipungue nafasi kwenye albamu hawana utetezi hapa. Wanaotupa kopo baada ya kulivua nao hawana. Kopo lililovuliwa huenda kwenye mfuko wake na pakiti za kukausha unyevu, chini ya asilimia 40, na namba ile ile ya lebo. Anayetaka kuliona lilivyokuwa hutengeneza silinda ya kadibodi isiyo na asidi yenye kipenyo kile kile, akaizungushia lebo na kuifunga kwa vibawaba vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga, inayotoka kwa unyevu kidogo siku yoyote.

Linabaki suala la kuuza. Hofu ya udanganyifu ni ya haki, na haiponi kwa kuacha karatasi zioze. Lebo iliyotolewa iuzwe pamoja na kopo lake, zile picha nne na vile vipimo, na neno "imetolewa" likiwa kwenye tangazo. Muuzaji anayeuza lebo bila hivyo vyote, akisema kopo lilishapotea, anastahili maswali yale yale ambayo lebo zisizotumika za maghalani zimekuwa zikiulizwa siku zote.