Dakika moja ya ukimya kwa ajili ya mama wa Kifaransa

Najua klipu mshaiona. Wengine mmenitumia mimi mwenyewe, na vikatuni vya kucheka, utadhani sura yangu siijui. Sasa naomba nieleze kwa mdomo wangu, maana yule mshikaji niliyeenda naye ukweni kama msindikizaji (msindikizaji! mtu wa kunisitiri!) kairusha ikiwa imekatwa, haina mwanzo, halafu juu kaandika "jamaa kamlilia paka". Kwanza sikulia. Ile ilikuwa pilipili ya kachumbari. Hilo tulimalize hapo hapo.

Basi, Jumamosi, Tabata, kwa kina mchumba. Haikuwa utambulisho rasmi, barua ya posa ilikuwa bado kwa mshenga, ilikuwa tu ile ya njoo ule pilau wazee wakuone unavyokaa. Nimevaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile la Dar, nimenyoa, nasema "shikamoo" mpaka kwa watu niliowazidi umri.

Baada ya kula, shemeji yangu, mdogo wake mchumba, anasomea mambo ya ndege huyo na kichwa chake muda wote kiko juu, akaleta mchezo wake. Kakata boksi la viatu vipande vipande, kila kipande kaandika kwa maka peni jina la mtu au chombo kwenye historia ya ndege na safari za anga za juu, chini yake kaweka maelezo kidogo na kamchoro. Unafungwa kadi kwenye paji la uso kwa rababendi. Kila mtu anakuona wewe ni nani isipokuwa wewe. Unauliza maswali, wanajibu ndiyo au hapana, mpaka ujitaje.

Nyie mnaonifuata humu mnanijua. Mimi ndiye ninayewasumbua kila Aprili 12 na Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu, na dakika zake 108. Niliposikia mada nikasema leo posa inapita bila hata kikao.

Na mwanzo nilitisha jamani, hiyo sehemu kwenye klipu haipo! Raundi ya kwanza nikauliza mimi ni chombo, ndiyo, nilirushwa kutoka Afrika, ndiyo, baharini, ndiyo, nikasema mimi ni Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, nimerushwa kutoka jukwaa la San Marco pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya ndo maana ya jina. Nikakaa. Mama mkwe akasema "eeh!" Ile "eeh" ningeomba nizikwe nayo.

Yeye mwenyewe mama alipata Beryl Markham, akateseka kidogo kwenye swali la "je nilifika nilikokuwa nakwenda?", watu wakaangaliana, kwa sababu yule bibi aliyekulia Kenya alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 akitokea Uingereza kwenda New York, akaishia kuchomeka pua ya ndege kwenye tope huko Nova Scotia, Kanada. Sasa hiyo ni ndiyo au hapana? Tukampa ndiyo, ni mama mkwe bwana.

Baba mkwe ndo mtu wa kumwangalia kwenye hii stori. Mzee haongei. Tangu nimefika alikuwa kasema "marahaba" na "karibu". Kadi yake ilikuwa L59, ile meli ya anga ya Wajerumani iliyotoka Bulgaria Novemba 1917 na shehena ya tani kama 15 kumpelekea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao, huku kwetu, ikafika Sudan ikaambiwa kwa redio igeuze, ikarudi ilikotoka, saa 95 angani bila kutua. Mzee kauliza maswali machache, kakaa kimya, kasema "ni lile dude la Mjerumani lililoishia njiani", kaivua kadi, karudi kwenye chai yake. Nikamwogopa hapo hapo.

Halafu nikatumwa barafu dukani. Shikeni hili, ni muhimu kwenye utetezi wangu. Mimi niko dukani nagombania chenji, huku nyuma mtoto mmoja anacheza kadi ya Laika. Mbwa. Yaani kila aliyekuwa sebuleni alijua kwamba kwenye boksi lile kuna wanyama, isipokuwa mimi. Nimerudi na mfuko wa barafu unadondosha maji, wananifunga kadi, twende.

Nipo hai? Hapana. Nilirusha ndege? Hapana. Nilifika anga za juu? Ndiyo. Sawa, mwanaanga. Mwanamume? Hapana.

Sasa niambieni nyie, kama siyo mwanamume ni nani? Nikaenda kichwa kichwa. "Mimi ni mwanamke?" Shemeji akatazama dari, akasema, "aaah... wa kike, ndiyo." Wa kike! Nimeisikiliza ile klipu usiku na mto usoni, mtoto wa watu alitamka vizuri kabisa, wa kike, mimi nikapita kama basi la mwendokasi kituo kisicho na abiria.

Kabla ya 1970? Ndiyo. Nikacheka. Nikageukia wazee, nikakunja mikono ya shati, nikawafundisha (hakuna aliyeniuliza) kwamba kabla ya 1970 mwanamke aliyekwenda angani ni mmoja tu, Valentina Tereshkova, Juni 1963, chombo Vostok 6, mizunguko 48 ya dunia, na wa pili hakuja mpaka Svetlana Savitskaya mwaka 1982. Kwa hiyo mimi ni Tereshkova. Shemeji akasema hapana. Nikasema Tereshkova hata hajafa, sawa, lakini hesabu haikubali. Mrusi? Hapana. Mmarekani? Hapana. Mfaransa? Ndiyo.

"Kadi imekosewa."

"Haijakosewa shem."

"Mwanamke wa kwanza wa Kifaransa angani ni Claudie Haigneré, 1996, na yuko hai."

"Shem, kadi haijakosewa. Uliza."

Na hapa ndo ningeweza kunyamaza nikala tende. Lakini mchumba alikuwa ananitolea macho, mimi nikaelewa ananipa moyo, kumbe ananionya. Nikaendelea. Niliondokea Ufaransa? Hapana. Afrika? Ndiyo. Eh! Nilijitolea? Sebule nzima ikacheka, hapana. Nililazimishwa? Ndiyo. Nikaanza kupata joto. Nilikuwa na mume? Mama mkwe akaweka kikombe chini, akasema hatumjui. Nilirudi salama? Ndiyo. Nilikufa kwa uzee? Hapana. Niliuawa? Ndiyo. Na Wafaransa wenyewe? Ndiyo. Na hapo shangazi mmoja akashindwa kujizuia, akatoboa siri, "na alinunuliwa!"

Alinunuliwa!

Wadau, mjitahidi kuingia kichwani mwangu. Nina mama wa Kifaransa, ananunuliwa, analazimishwa kupanda roketi Afrika, anarudi mzima, halafu serikali yake inamuua, na dunia nzima imemficha mpaka mimi ninayejua mpaka mizunguko ya Tereshkova sijawahi kumsikia. Halafu mbele yangu kuna mama mkwe ambaye nataka ajue binti yake anaolewa na mtu anayeheshimu wanawake. Nikasimama.

Kwenye klipu mnaona nilivyosimama, hamjui tu kwamba magoti yalikuwa yanatetemeka kwa hasira za kweli. Nikasema ndugu zangu, tunacheka, tunacheza, lakini huyu alikuwa mtoto wa mtu. (Mchumba: "Kaa chini." Mimi: "Ngoja.") Nikasema wanaume wamepewa masanamu, huyu mama hana hata jina midomoni mwetu. Nikasema, na hii Mungu anisamehe, "hata paka hatendewi hivi."

Mshikaji wangu akainua simu juu. Nikaona, nikadhani anahifadhi historia.

Nikasema, "Naomba tusimame, dakika moja ya ukimya."

Na wakasimama! Hiyo ndo inaniuma mpaka leo, kwa nini mlisimama? Mama mkwe akasimama na kikombe chake. Shangazi akasimama. Watoto wakasimama wameng'ata midomo. Mimi nikainamisha kichwa, kwa hiyo kadi sasa imewaelekea vizuri kuliko mwanzo, imekaa kama bango. Nasikia feni. Nasikia friji. Nasikia muuza karanga anagonga visarafu vyake nje huko. Nikafungua jicho moja nikaona mabega ya mama mkwe yanatikisika, kafunika uso kwa khanga, nikajua nimemgusa, moyo ukanijaa, nikasogea nikamwambia taratibu, "pole mama." Mabega yakazidi. Nikaona na shangazi anatikisika, nikasema moyoni familia hii ina imani. Hapo ndo pilipili ikanipata jichoni, nimeshika jicho na mkono wa kachumbari, NARUDIA, pilipili.

Sasa baba mkwe alikuwa kacheza raundi nzima bila miwani, hajui kwenye kadi yangu kumeandikwa nini, na yeye muda wote ananisikiliza habari za mwanamke aliyeuawa na serikali ananionea huruma. Katikati ya ukimya wangu mjukuu akamletea miwani kutoka chumbani. Nikaona viatu vya mzee vinakuja, vinasimama mbele yangu. Kimya. Akasogeza uso. Nasikia pumzi yake inasoma. Akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena, akasoma upya kuanzia juu mpaka kwenye mchoro.

"Kijana."

"Naam baba."

"Huyu ni paka."

Sitaelezea kelele iliyofuata. Jirani aligonga geti kuuliza kuna msiba au harusi.

Kadi ilikuwa inasema FÉLICETTE, paka wa Ufaransa, 1963, na chini kachorwa na mkia. Shemeji akatusomea maelezo yake yote huku mimi nimekaa mkono wa kochi. Kwamba serikali ilimnunua kwa mfanyabiashara, walikuwa paka 14 wa kike wanafanyishwa mazoezi, hawakupewa majina ili watu wasiwazoee, yeye aliitwa C 341. Wakampandikiza waya kichwani, wakamrusha kwa roketi ya Véronique tarehe 18 Oktoba 1963 kutoka Hammaguir, jangwani Algeria, nchi ambayo ilishapata uhuru mwaka mmoja nyuma lakini Wafaransa walibaki na uwanja wao wa roketi mpaka 1967. Akapanda zaidi ya kilomita 150, akaelea bila uzito dakika kama tano, akarudi kwa parachuti mzima wa afya, safari nzima dakika 13 hivi. Miezi michache baadaye wakamuua wauchunguze ubongo. Mpaka stempu za baadaye zikamwandika Félix, jina la dume. Sanamu kaja kupata 2019, huko Strasbourg.

Sasa niulize, nimekosea nini hapo? Alinunuliwa, alilazimishwa, aliuawa, alifichwa. Hotuba yangu ilikuwa sahihi neno kwa neno, tatizo ni miguu tu, alikuwa na minne. Na mchezo wenyewe una kasoro, mnyama na binadamu hawawekwi boksi moja bila tangazo, nimemwambia shemeji, kanijibu "ungeuliza tu kama ni mtu, shem."

Yaliyofuata mnayajua. Tulipewa chai nyingine, hakuna aliyeweza kuinywa, kila mtu akipeleka kikombe mdomoni ananitazama anakirudisha. Watoto walinisindikiza mpaka kituoni, sitaki kusema kwa sauti gani. Klipu ilifika kazini kabla yangu. Mchumba kanisevu kwa jina jipya, kanionyesha mwenyewe bila aibu. Mshikaji ameomba msamaha na bado hajaifuta.

Barua ya posa ilipelekwa jana. Mshenga kanipigia usiku, kaongea muda mrefu habari za mvua na foleni mpaka nikajua kuna jambo, nikamwambia sema tu mzee wangu. Akasema wameipokea vizuri, hawana neno, ila baba mkwe kaisoma mpaka mwisho, kavua miwani, kauliza: huyu kijana kajitolea mwenyewe au kalazimishwa?